Mzinga unapotaka kugawanyika



Majuma haya swali moja linarudi katika kila mkutano, na zaidi linaletwa na wale waliopokea mzinga wao wa kwanza mwaka huu: "Nyuki wangu wamekuwa wengi mpaka wanalala nje ya mlango, wamening'inia kama ndevu za mzee. Ni baraka ao ni hatari?" Inaweza kuwa yote mawili. Siku ya joto kali nyuki wanatoka nje kutafuta hewa, na usiku wanarudi ndani. Hapo hakuna shida. Lakini ikiwa mvua zimerudi, maua ni mengi, na ndevu zile ziko pale hata asubuhi na mapema wakati wa baridi, basi fungua mzinga uangalie. Labda nyumba imekuwa ndogo, na wenyeji wake wameanza kufunga mizigo.

Kugawanyika si ugonjwa. Ni namna mzinga unavyozaa mzinga mwingine. Malkia wa zamani anaondoka na nusu ya nyuki ao zaidi, na nyuma anabaki binti ambaye hajatoka hata ndani ya chumba chake. Wanaoondoka wamejaza matumbo yao asali ya safari. Kwa msitu ni jambo jema. Kwa mama aliyehesabu masega yake na kusema "hii ndiyo minervali ya mtoto wa sekondari", ni nusu ya wafanyakazi wake wanaokwenda wakati ule ule maua yanapofunguka. Mzinga unaobaki utatumia mwezi mzima na zaidi kujipanga upya, na asali ya msimu ule itakuwa kidogo sana ao haitakuwapo.

Tena nyuki wetu wa Afrika ni wepesi katika jambo hili kuliko wale wa Ulaya. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka. Bila mtu kuwabeba, kwa kugawanyika, kuhama na kuchanganyika na nyuki wa kule, uzao wao ulipanda nchi baada ya nchi, na mwaka 1990 ukafika Texas, Marekani. Kwa hiyo mama wa Kabare ao wa Walungu asifikiri kwamba nyuki wake peke yake ndio hawatulii. Ndiyo tabia yao, na sisi kazi yetu ni kuwatangulia.

Kuwatangulia kunawezekana kwa sababu nyuki hawaamki tu siku moja na kuondoka. Kwanza wanakosa nafasi. Maji matamu ya maua na unga wake vinaingia kwa wingi, wafanyakazi wanavijaza hata ndani ya vyumba ambamo malkia alipaswa kutaga, naye anazunguka bila kupata chumba kitupu. Nyuki wachanga, wale ambao kazi yao ni kulisha watoto, wanakosa watoto wa kulisha. Harufu ya malkia, ile inayowaambia wote kwamba mama yupo nyumbani, haiwafikii vizuri wanapojazana hivyo. Ndipo utaona nyuki madume wanaongezeka, na vyumba vyao, vikubwa kuliko vya wafanyakazi, vikiwa na vifuniko vilivyovimba. Halafu, chini na pembeni ya masega, utaona vikombe vidogo vya nta vilivyopinduliwa, mdomo ukiangalia chini, vya ukubwa wa ncha ya kidole.

Kikombe kitupu kisikutie woga. Mizinga mingi ina vikombe vitupu miezi mingi na hakuna anayekwenda popote. Angalia ndani yake. Ukiona yai moja jeupe, jembamba kama kipande cha uzi, ao mtoto mchanga anaogelea ndani ya maziwa meupe mazito, ujue kwamba siku zimeanza kuhesabiwa.

Hesabu yenyewe ni hii, na tunaomba kila mama aiandike kwenye daftari lake la mizinga. Yai linakaa siku 3. Siku ya 8 hivi kile kikombe kimekuwa kirefu kama ganda la karanga, na nyuki wanakifunga kwa nta. Siku ya 16 malkia mpya anatoka; kwa nyuki wetu mara nyingi anatangulia kidogo. Mfanyakazi anahitaji siku 21 hivi, na dume siku 24. Lakini malkia wa zamani hangoji siku ya 16. Anaondoka pale vyumba vya kwanza vinapofungwa, ndiyo kusema siku ya 8 ao ya 9. Kabla ya hapo wafanyakazi wamempunguzia chakula, amekonda kusudi aweze kuruka. Mvua ikinyesha siku mbili, anakawia. Asubuhi ya kwanza yenye jua wanatoka kwa kishindo, na mama aliyekuwa shambani anarudi kukuta mzinga umenyamaza.

Kwa hesabu hiyo, vitabu vya Ulaya vinasema: fungua mzinga kila siku 7, hakuna kitakachokupita. Hesabu ni sawa, lakini ushauri wenyewe hautufai jinsi ulivyo. Ukiwafungua nyuki wa huku kila juma mwaka mzima, utaachiwa mzinga mtupu, kwa sababu kusumbuliwa ni jambo moja linalowafanya wahame kabisa. Tunachopendekeza ni hivi. Kila juma, fungua tu katika yale majuma machache ambayo maua yanafunguka kwa nguvu. Kila mlima una kalenda yake: kwa wengine ni kahawa na avoka, kwa wengine ni kaliandra ao mikaliptusi, na mzee yeyote wa kijiji chenu anayejua mizinga ya miti atakuambia miezi ya pale kwenu kuliko sisi. Na hata katika majuma hayo, usipekue mzinga mzima. Ondoa vibao vya juu viwili vitatu vya upande ulio mtupu, sogeza, angalia chini na pembeni ya masega ya watoto, funga. Dakika kumi zinatosha. Nje ya msimu waache wapumzike.

Hapo inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo wengi wanayaita kwa jina moja. Kugawanyika kunatokea wakati wa shibe, na kunaacha nyuma nyuki, asali, watoto na vyumba vya malkia. Kuhama kunatokea wakati wa shida: njaa ya kiangazi, ukosefu wa maji, siafu, nondo wa nta, jua kali juu ya mzinga usio na kivuli, ao mtu aliyevuna mpaka sega la mwisho. Wanaohama wanaondoka wote, hakuna chumba cha malkia, na mara nyingi hata asali wameimaliza. Dawa za kugawanyika haziponyi kuhama. Mama anayeona mzinga mwepesi, nyuki wachache, mayai hakuna, asianze kugawa chochote; alete maji, atie mafuta ya zamani ya gari ndani ya makopo chini ya miguu ya mzinga kuzuia siafu, na apunguze mlango.

Sasa tuje kwenye kile ambacho kila mwanafunzi anataka kufanya anapoona vyumba vya malkia kwa mara ya kwanza: kuchukua kisu na kuvikata vyote. Ukiuliza kijijini, utaambiwa ndivyo inavyofanywa. Sisi tunasema hapana. Sababu iliyowafanya wajenge vyumba, yaani ufinyu na wingi wa nyuki wachanga, bado iko pale. Ukikata leo, kesho wanajenga vingine, na wanaweza kumchukua mtoto ambaye tayari ana siku mbili tatu, kwa hiyo vyumba vipya vinafungwa haraka kuliko ulivyohesabu. Mama mmoja wa kikundi cha jirani alikata mara ya kwanza, akakata mara ya pili, na mara ya tatu alikata bila kujua kwamba malkia alikwisha kuondoka siku iliyotangulia. Mzinga ukabaki bila mama, bila yai, bila binti. Wafanyakazi wakaanza kutaga wenyewe, na mayai yao hayazai kitu isipokuwa madume. Baada ya miezi miwili nondo walikuwa wanakula nta. Kundi lililotoka lilikuwa hasara ya nusu. Kisu kilimaliza nusu iliyobaki.

Ikiwa umeona vikombe vitupu tu, toa nafasi, na mara nyingi hilo linatosha. Mizinga yetu mingi ni ile ya mbao yenye vibao vya juu vya milimita 32, inayoitwa mzinga wa Kenya, na uzuri wake ni kwamba mama anaifungua akiwa amesimama chini, bila kupanda mti. Ondoa masega ya asali iliyofungwa yanayobana sehemu ya watoto. Sogeza ubao wa kugawanya. Kisha ingiza kibao kitupu chenye ukanda wa nta katikati ya masega mawili ya watoto yaliyonyooka, kimoja kwanza, kingine juma linalofuata. Usiingize vitatu mara moja. Huku kwetu milimani usiku ni baridi, na watoto waliotengwa na joto la wenzao wanakufa.

Ikiwa vikombe vina mayai ao watoto, nafasi peke yake haitoshi tena. Wamekwisha kuamua. Hapo njia ni moja: wagawe wewe kabla hawajajigawa, kusudi makundi yote mawili yabaki ndani ya ua wako. Ndiyo maana tunasisitiza kila mama mwenye mzinga mmoja awe na mwingine mtupu uliokwisha kupakwa nta ya zamani, hata kama ni wa kuazima. Kumtafuta seremala siku ya saba ya hesabu ni kuchelewa.

Chagua jioni tulivu, saa kumi na moja hivi, watoto wakiwa ndani na mbuzi wamefungwa mbali. Mkiwa wawili ni vizuri zaidi, mmoja ashike chombo cha moshi. Moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe ni mpole na unadumu. Vaa mavazi kamili, hata kama jana walikuwa wapole, na usimuache mtu asiyevaa kukusogelea eti kwa kutaka kujifunza.

Mtafute malkia wa zamani. Ni mrefu, tumbo lake linapita ncha za mabawa, na anatembea wakati wengine wanafanya kazi. Ukimpata, hamisha sega alilo juu yake kwenye mzinga mtupu, lakini kwanza hakikisha sega hilo halina chumba cha malkia. Kama kipo, hicho ndicho cha kukata. Mpe sega lingine la watoto waliokwisha kufungwa, ambao watatoka siku chache zijazo kumsaidia, na sega moja ao mawili yenye asali na unga wa maua. Kisha kung'uta ndani yake nyuki wa masega mawili mengine ya watoto yasiyo na vyumba vya malkia. Wakubwa watarudi nyumbani kesho, wachanga watabaki naye. Masega ya mzinga huu hayana mbao pembeni. Yashike wima kama yalivyoning'inia, ukiyalaza yanakatika mikononi.

Mzinga wa zamani unabaki mahali pake pale pale. Nyuki wanaotafuta maua wamezoea njia ya pale, na watarudi pale hata kama walikwenda na mama yao. Hivi malkia wa zamani anabaki na nyuki wachanga peke yao na nafasi tele ya kutaga, na hamu ya kusafiri inamtoka. Wale wa mzinga wa zamani wana nguvu ya kuleta asali lakini hawana malkia wa kuondoka naye. Unawaachia chumba kimoja kizuri, kilicho wazi bado, chenye mtoto na maziwa unayoyaona kwa macho yako. Ukiogopa, acha viwili kwenye sega moja. Vingine kata. Weka alama ya makaa juu ya kibao chenye chumba hicho, na sega hilo usilikung'ute wala kuligeuza, maana mtoto aliye ndani anaweza kuanguka kutoka kwenye maziwa yake akafa. Kuacha vyumba vingi si usalama: binti wa kwanza akitoka na wengine wakiwa karibu kutoka, naye anaweza kuondoka na kundi la pili, na mwingine la tatu, mpaka mzinga unabaki mikono mitupu.

Baada ya siku 6 ao 7 rudi mara moja tu kwenye mzinga wa zamani, kwa sababu wanaweza kujenga vyumba vingine kwa watoto wadogo uliowaachia. Kata hivyo, acha kile chako. Halafu funga na usiguse.

Na kama hukumwona malkia? Wanafunzi wengi hawamwoni, na hakuna aibu hapo. Ndani ya mzinga wenye maelfu ya nyuki anajificha vizuri. Gawa masega nusu kwa nusu, kila upande upate mayai, watoto waliofungwa, chakula na chumba kimoja cha malkia. Ngoja siku 4 ao 5. Kwa kuwa yai halikai zaidi ya siku 3 bila kuwa mtoto, upande utakaoona mayai ndio wenye mama. Ondoa chumba cha malkia upande huo, mwingine uache.

Kundi lenye malkia wa zamani limepungukiwa na watafuta chakula, kwa hiyo mlango wake upunguzwe mpaka upana wa vidole viwili. Kama maua yamekatika, wape sukari iliyoyeyushwa kwa maji sawa kwa sawa, ndani ya mzinga, jioni, na vijiti juu yake wasizame. Usiimwage nje. Sukari ya nje inaita wezi wa mizinga yote ya mtaa.

Ikiwa pamoja na hayo yote umechelewa, na kundi linaning'inia kwenye avoka ya jirani, usipige mabati wala usiruhusu vijana warushe mawe. Kundi lililoshiba kwa kawaida ni pole saa zile za kwanza. Lililokaa siku mbili na njaa si pole. Ngoja jua literemke, weka kikapu ao mzinga mtupu chini ya tawi, tikisa mara moja kwa nguvu, funika kwa kikwembe chepesi, ukiacha tundu dogo ili waliobaki hewani waingie kumfuata malkia. Usiku peleka mahali pake. Majani ya mchaichai, ile sitroneli ya chai, yaliyosuguliwa ndani ya mzinga yanasaidia wakubali nyumba mpya. Juu ya nani mwenye kundi lililotua kwa mwingine, tumekwisha kusikia magomvi ya kutosha. Nenda kwa jirani umwombe ruhusa kabla ya kuingia kwake, na ukivuna umkumbuke na chupa moja. Ni bei ndogo kwa mtu ambaye watoto wake wanacheza chini ya mti ule.

Mtu aliyeumwa akianza kuvimba uso ao koo, ao kupumua kwa shida, asingoje dawa ya nyumbani. Apelekwe kituo cha afya saa ile ile.

Linabaki jambo la uvumilivu. Binti akitoka, anahitaji juma moja hivi kabla ya kuruka kwenda kukutana na madume hewani, kisha siku kadhaa kabla ya kutaga. Kwa hiyo tangu siku uliyogawa, hesabu majuma manne kamili kabla ya kutafuta mayai ndani ya mzinga wa zamani. Kumfungulia katikati ya siku zile ni kumpoteza, maana akirudi kutoka safari yake na kukuta mlango umevurugika anaweza kuingia kwa jirani na kuuawa. Baada ya majuma manne, ukikuta mayai, moja moja chini ya kila chumba, kazi imekwisha. Usipokuta, chukua sega lenye mayai kutoka mzinga wa mama yake, kung'uta nyuki wote, liweke katikati. Baada ya siku 4 angalia: wakijenga chumba cha malkia juu yake, walikuwa hawana mama, na sasa wamejipatia mwingine. Wasipojenga, mama yupo ndani, hajaanza tu. Funga na umpe juma lingine.